Boila kongwe nyuma ya hita ya sebuleni: ing'olewe sasa au isubiriwe ife, na mpya iwe ya saizi gani?

Swali: Kaka fundi, tumenunua nyumba iliyokuwa ya kaunsili hapa Leicester, vyumba vitatu, bafu moja. Boila, ile mashine ya gesi inayopasha maji ya redieta na ya bomba, iko nyuma ya hita ya gesi sebuleni, darini kuna matanki mawili, na kabati la juu lina silinda ya maji moto. Mwaka jana tumechoma uniti 17,000 za gesi na nyumba bado baridi. Kaja mtu wa mauzo, kakaa dakika 20, kasema tuweke kombi (boila isiyo na silinda) ya kilowati 35 kwa paundi 3,900 na bili itashuka nusu. Mume wangu anataka tusaini. Mama mkwe anakuja kutoka Tanga mwezi wa 11, atakaa mpaka wa 3. Tubadilishe sasa au tusubiri mpaka ife yenyewe? Na hiyo 35 ni sawa?

Jibu: Dada, salamu kwako na shemeji. Nianze na jibu lenyewe halafu ndo nieleze: boila ibadilisheni, na mkiweza iwe kabla mama hajafika, ila kwa kotesheni hiyo, yaani bei aliyowatajia, msisaini. Mtu kakaa dakika 20, hajapanda darini, hajapima maji yanayoingia nyumbani, hajahesabu redieta, saizi ya boila hawezi kuijua. Na boila mpya itakaa hapo miaka 12, 15, saizi ikikosewa siku ya kwanza ndo mtaishi na kosa hilo miaka yote.

Kabla sijafika kwenye saizi na hela tumalize la usalama, manake hili haliwezi kusubiri mpaka mchague boila. Boila za nyuma ya hita kama yenu, nyingi nilizong'oa mimi ni Baxi Bermuda, ziliwekwa sana kwenye nyumba za kaunsili miaka ya 1970 na 1980. Ni donge la chuma limepachikwa chini ya chimni na mbele yake ndo ile hita mnayoiona. Hewa ya kuchomea inaivuta humohumo sebuleni, moshi unapanda chimni wenyewe bila feni, joto tu ndo linausukuma. Sasa chimni ikiziba, labda ndege kajenga kiota au tofali limedondoka, au hewa ya kuingia ikawa haitoshi, moshi unarudi ndani mlipokaa. Ndo maana nyumba kama hizo mara nyingi utakuta ukutani kuna tundu la hewa lina kichungi cha plastiki au chuma, na baridi inapita hapo kweli kweli, na sisi watu wa nchi za joto tukiona tundu linaleta baridi tunalitia matambara. Nshakuta mito, nshakuta magazeti yamebandikwa kwa gundi, nyumba moja walitundika kalenda juu yake. Kama kwenu lipo na mmeliziba, lifungueni leo, na msiwashe hiyo hita wala boila mpaka fundi aje aicheki.

Sote tumekua tukisikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, asubuhi hawakuamka. Huku ni gesi ileile, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Nunueni kengele yake, zipo nzuri za chini ya paundi 30, iwekeni sebuleni iliko hita, na chumba atakacholala mama nacho muweke moja kama chimni inapita hapo. Moto wa pailoti (ule mdogo unaowaka muda wote) na wa hita uwe wa bluu. Ukiona umekuwa wa manjano umelegea, au masizi yanapaka ukuta, au watu vichwa vinauma wakiwa ndani na vinapoa wakitoka, zima, fungua madirisha, tokeni nje, piga 0800 111 999, hiyo ni namba ya dharura ya gesi nchi nzima na ni bure. Nimeirefusha sehemu hii makusudi, sitaki kusikia habari mbaya Leicester.

Na kila atakayegusa gesi yenu awe kwenye Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi. Atakuwa na kadi yenye picha, geuza nyuma usome ameruhusiwa kazi zipi, manake mtu anaweza kuwa na ruhusa ya majiko tu sio boila. Wazee wengine bado wanauliza fundi wa CORGI, orodha ya zamani, hiyo kwa gesi iliisha Aprili 2009.

Haya, tuje kwenye boila mpya inavyofanya kazi, kwa sababu ukilielewa hili moja mengine yote utayaamua mwenyewe bila mimi. Gesi ikiungua inatoa joto na inatoa mvuke. Ukitaka kuona, chukua sufuria ya maji ya baridi iweke kwenye jiko la gesi, zile sekunde za mwanzo utaona ukungu kwa nje chini ya sufuria, sio maji yamevuja, ni mvuke wa gesi yenyewe umekutana na chuma cha baridi. Huo mvuke umebeba joto, kama sehemu moja kati ya 10 ya gesi yote unayolipia. Na unajua mwenyewe ukifunua sufuria ya wali mvuke ukakupiga mkononi unavyounguza, ni kwa sababu mvuke ukigeuka kuwa maji unaliachia joto lote uliokuja nalo. Boila yenu inautupa wote juu kwa chimni, pamoja na moshi wenye moto mkali. Boila mpya inaupitisha moshi kwenye chombo ambacho ndani yake yanapita maji yanayorudi kutoka kwenye redieta, na hayo maji yakiwa ya baridi vya kutosha, mvuke unageuka matone, joto linarudi ndani ya nyumba, yale matone yanatoka kwa bomba la plastiki. Ndo boila za kukondensi hizo. England na Wales tangu Aprili 2005 ukibadilisha boila ya gesi ni lazima iwe ya aina hiyo, isipokuwa kesi chache.

Sasa shika hapo niliposema yakiwa ya baridi vya kutosha. Mvuke wa gesi unaanza kugeuka maji chini ya nyuzi 55 hivi. Maji yakirudi kwenye boila yana 65, hakuna kinachogeuka, mvuke wote unatoka nje kama zamani, umelipia kitu ambacho hukitumii. Na nasema kwa uchungu kabisa, nyumba nyingi ninazoingia nakuta boila nzuri ya kukondensi imefungwa miaka 5, 6 iliyopita na namba ya maji ya redieta iko 75 au 80 vilevile, hakuna aliyewahi kuigusa na hakuna aliyemwambia mwenye nyumba. Kwa hiyo kila kitu nachokwambia hapa chini, saizi, redieta, usafi wa mabomba, kinazunguka palepale, maji yarudi ya baridi.

Hesabu ya bili tuifanye pamoja. Boila kama yenu, kati ya uniti 100 unazolipia, 65 hivi ndo zinaingia kwenye maji, zingine zinapanda chimni, na pailoti inawaka usiku na mchana hata Julai. Katika 17,000 zenu joto mlilopata kweli ni kama 11,000. Boila mpya ikifanya kazi kwa 90, joto lilelile linahitaji uniti 12,300 hivi, mmeokoa 4,700. Kwa peni 6 kila uniti ni kama paundi 280 kwa mwaka. Ni zaidi kidogo ya robo, sio nusu, mtu akikwambia nusu mwambie akuandikie hesabu yake. Na 3,900 ukigawa kwa 280 ni miaka 14. Ndo maana siwezi kukwambia ubadilishe kwa ajili ya akiba peke yake. Nakwambia ubadilishe kwa sababu ya moshi sebuleni, kwa sababu spea za boila hizo kuzipata ni shida, na kwa sababu boila inakufa siku ya baridi kali, sio siku ya jua, na siku hiyo mafundi wote wako bize na wewe una mama mzee ndani anatetemeka, utasaini chochote utakacholetewa. Huo ndo uamuzi mbaya kuliko yote.

Halafu ulisema nyumba bado baridi. Hilo boila mpya haitalitibu peke yake dada. Panda darini upime ile sufi ya kuzuia joto lisitoke, inatakiwa iwe nene sentimita 27, nyumba nyingi za kaunsili nakuta 10 imelala kama mkeka. Kuiongeza ni kazi ya Jumamosi moja na hela yake ndogo. Na ukuta kama ni wa matofali mawili yenye uwazi katikati, uliza kama ulijazwa. Nyumba ikihifadhi joto, redieta haihitaji maji ya moto sana, na maji yanarudi ya baridi, umeona tunavyorudi palepale.

Sasa hiyo kilowati 35. Watu wanaisikia kama ukubwa wa nguvu, wanadhani nyumba itakuwa ya moto zaidi. Nyumba kama yenu, siku ambayo nje ni nyuzi mbili chini ya sifuri, nyingi nilizopima zinaishia kilowati 5 hadi 8 za redieta zote kwa pamoja. Siku za kawaida za Novemba zinataka 3, labda 4. Ile namba kubwa ya kombi ni ya maji ya kuoga, kwa sababu kombi haina akiba ya maji moto, inayachemsha yakiwa yanapita. Hesabu yake rahisi: zidisha lita kwa dakika kwa nyuzi unazotaka kupandisha, halafu zidisha kwa 0.07, unapata kilowati. Maji ya bomba hapa Januari yanaingia na nyuzi 5, 6, sio kama ya Tanga ambayo hata asubuhi unaoga tu. Ukitaka 40 kwenye shawa unapandisha 35. Kilowati 24 inakupa karibu lita 10 kwa dakika, 30 inakupa 12, 35 inakupa 14. Shawa moja ya kawaida inakula 8 au 9. Mna bafu moja. Kwa hiyo 24 inatosha, 30 ni ya kujinafasi, na 35 mtakuwa mmelipia maji ambayo pengine hata bomba la mtaani haliwezi kuwaletea.

Na hilo ulipime mwenyewe leo. Chukua ndoo yenye alama za lita, fungua bomba la baridi la jikoni mpaka mwisho, weka simu dakika moja. Ukipata 12 na zaidi, kombi itawafaa. Ukipata chini ya 10 usiweke kombi kabisa mpaka ujue tatizo ni nini, labda bomba la zamani la kuingilia ni jembamba, labda mnagawana na jirani. Pima tena saa moja asubuhi watu wakiwa wanaoga, utaona tofauti. Fundi yeyote anayekuuzia kombi bila kupima hivi anabahatisha na hela yako.

Kuna namba ya pili ambayo watu wa mauzo hawaitaji kabisa, na kwangu ina uzito kuliko ile ya juu, ni kiwango cha chini ambacho boila inaweza kushuka ikiwa inapasha redieta. Nyingine zinashuka mpaka kilowati 3 au pungufu, nyingine zinagoma kwenye 7. Nyumba ikitaka 3 na boila haiwezi chini ya 7, inawaka, inapitiliza, inazima, baada ya dakika tatu inawaka tena, siku nzima hivyo, gesi inapotea na vifaa vinachoka. Mara nyingi ukipanda saizi na hiyo namba ya chini inapanda. Uliza, "kima cha chini cha redieta ni kilowati ngapi?" Akishindwa kujibu kipo kwenye karatasi ya kiwanda, akuonyeshe. Na akifunga, ile nguvu ya juu ya upande wa redieta aishushe kwenye seting ilingane na nyumba, ni kazi ya dakika mbili.

Kombi au mbaki na silinda? Hapa naomba mfikirie maisha yenu sio matangazo. Kombi inawapa nafasi, matanki darini yanaondoka, silinda inaondoka, lile kabati linabaki la nguo (ingawa halitakuwa tena na joto la kukaushia taulo, wengine wanalikumbuka sana). Maji ni ya bomba moja kwa moja, yana presha. Ubaya wake, boila ikiharibika huna redieta na huna maji moto kwa wakati mmoja, wakati silinda nyingi zina hita ya umeme ndani, unabonyeza swichi unaoga, bei kubwa lakini unaoga. Na kuna jambo ambalo huku halisemwi kwa sababu wateja wengine halijawahusu: udhu. Kombi haiwaki mpaka maji yapite kwa kiasi fulani, zile nyingi ni lita 2 au 2 na nusu kwa dakika. Mtu anayetawadha anafungua bomba kidogo, uzi mwembamba, kama tulivyofundishwa tusiisrafu maji, boila haisikii, anapata maji ya nyuzi 6 alfajiri ya Januari. Akifungua zaidi inabidi asubiri yale ya baridi yaliyolala kwenye bomba yatoke kwanza, na boila ikiwa jikoni na bafu liko juu ni nusu dakika ya maji yanayomwagika bure, mara tano kwa siku. Kwa vijana sio kitu, kwa mama wa umri wake anayetoka kwenye joto la Tanga ni jambo. Nimefunga kombi nyumba za wazee nikarudishwa kwa sababu hii tu, na boila haikuwa na kosa lolote.

Dawa zake zipo. Moja, boila mpya iwekwe kwenye lile kabati la silinda lenyewe kama ukuta wa nje uko karibu, bomba la kwenda bafuni linakuwa fupi. Pili, kombi nyingi zina seting ya kuweka maji kidogo tayari ndani, inakula gesi kiasi, iwasheni miezi ambayo mama yupo, akiondoka zimeni. Tatu, ambayo mimi binafsi naipenda kwenu, msiweke kombi, bakini na silinda lakini mpya yenye koti nene la kiwandani, na boila ya kawaida ya kilowati 12 au 15 hivi, inayoshuka chini kabisa. Silinda hiyo mnaipasha mara moja au mbili kwa siku mpaka nyuzi 60, sio pungufu, bakteria wa lejonela wanapenda maji ya vuguvugu, na bomba likifunguliwa hata uzi linatoa maji moto yaliyoko tayari. Bei itapanda kidogo. Mkaeni na shemeji mliamue, lakini mliamue mkijua hili.

Kazi yenyewe, kombi au silinda, hakikisheni mambo haya yameandikwa kwenye kotesheni, sio ya kusema mdomoni. La kwanza ni kusafisha mabomba. Redieta za miaka 40 ndani yake zina tope jeusi, ni kutu, na linavutwa na sumaku. Ukishika redieta ikiwa imewaka ukakuta juu ni moto na katikati chini ni baridi, hilo ni tope, ikiwa juu ndo baridi hiyo ni hewa tu unaitoa kwa ufunguo wake. Tope hilo likiingia kwenye boila mpya, njia zake za maji ni nyembamba, linaziba mwaka wa kwanza wa pili, na kiwanda kikikuta maji machafu wanakataa waranti na wana haki. Kwa hiyo mfumo uoshwe kwa mashine au kwa dawa, iwekwe filta ya sumaku kwenye bomba la kurudi, na dawa ya kuzuia kutu. Haya sio nyongeza ya hiari, standadi ya Uingereza BS 7593 ya 2019 inayataka.

La pili ni bomba la gesi. Boila yenu ya sasa inakula gesi kidogo, kombi inakula mara mbili zaidi ikipasha maji ya kuoga, na bomba la milimita 15 lililopo huenda halitoshi kutoka kwenye mita, litahitaji 22 karibu njia nzima. Huyu wenu hajaangalia mita, kwa hiyo ama kalisahau ama atakuja kuwaongezea bei siku ya kazi sakafu ikiwa imeshafumuliwa.

La tatu, mfumo wenu sasa uko wazi, unajazwa na tanki dogo la darini, presha yake ni ndogo. Kombi inaufunga na kuutia presha ya baa 1 hadi 1.5, na viungo vya zamani ambavyo havijawahi kubeba presha vinaweza kuanza kuvuja. Muulize kabla, kikivuja nani analipa. Redieta za bapa moja zisizo na mapezi nyuma, nyembamba zile, nadhani mnazo, zibadilishwe sasa hivi walau mbili, ya sebuleni na ya chumba cha mama. Redieta maji yake yakishuka kutoka wastani wa nyuzi 70 mpaka 50 inatoa karibu nusu ya joto, kwa hiyo ukitaka kutumia maji ya uvuguvugu ambayo ndo yanakupa akiba, lazima redieta iwe kubwa. Hapa ndo napenda hela itumike, boila ndogo redieta kubwa, sio kinyume chake.

La nne ni lile bomba la plastiki la matone. Boila ikipiga kazi inatoa hata lita moja kwa saa, na yana asidi kidogo, ndo maana halitumiki bomba la shaba. Lipitishwe ndani mpaka kwenye bomba la sinki au la mashine ya kufulia. Likilazimika kupita nje liwe nene, milimita 32, lifunikwe, liwe fupi na literemke. Desemba 2010, ile baridi iliyopiga nchi nzima, simu yangu haikunyamaza, nyumba baada ya nyumba boila zimezima, na nyingi hazikuwa zimeharibika, kijibomba chembamba nje kimeganda tu. Tulikuwa tunayamwagia maji ya vuguvugu (sio ya kuchemka, yanapasua) yanaachia, boila inawaka. Mtu mzima amekaa siku mbili bila joto kwa sababu ya mita moja ya plastiki.

La tano, kung'oa lile donge la sebuleni. Vifaa vya zamani vya chimni na kamba za kuziba saa ingine zina asbesto, huku ilipigwa marufuku 1999 na nyumba yenu ni ya kabla, kwa hiyo fundi aangalie kabla hajagonga nyundo. Chimni ikishaachwa lile shimo lizibwe lakini liachiwe kijitundu cha hewa na juu iwekwe kofia, mvua isije ikanyeshea ndani ukuta ukawa na unyevu. Na hapo sasa, boila ya zamani ikishatoka pamoja na hita yake, lile tundu la baridi la ukutani fundi anaweza kuwaruhusu mlizibe, kwa sababu boila mpya inavuta hewa yake nje na inatoa moshi wake nje.

Thamostati, vile vidhibiti vya joto la chumba, nazo ziandikwe. England tangu Aprili 2018 kombi mpya haifungwi na saa na thamostati ya kawaida tu, kuna orodha fupi ya nyongeza mnachagua moja. Chagueni senso ya nje, kale kadude kanakobandikwa ukuta wa kaskazini kanapima baridi ya nje na kuiambia boila maji yawe ya moto kiasi gani. Siku ya nyuzi 10 boila inatuma maji ya 40 tu, siku ya barafu inapanda yenyewe. Bei yake ndogo na ndo inayofanya kazi yote ile niliyoeleza ya kurudisha maji baridi bila wewe kushughulika.

Ikishafungwa, kabla fundi hajaondoka, simama naye. Mwambie maji ya redieta aweke 55, ya bomba 48 hivi kama ni kombi, na aziwianishe redieta, yaani ile valvu ya upande wa pili iliyofunikwa kofia aikaze kidogo kwenye redieta zilizo karibu na boila ili za mbali nazo zipate. Siku za kwanza mtashika redieta mtasema haijawaka, ni vuguvugu tu. Acheni, iwake masaa mengi kwa moto mdogo badala ya kuwasha saa moja kwa moto mkali na kuzima. Ikija baridi kali mkaona thamostati haifiki 20, pandisheni nyuzi 5, 5, sio kurukia 80. Na ndani ya siku 30 fundi anatakiwa aisajili kazi, mtatumiwa cheti, kitunzeni, siku mkiuza nyumba wakili atakiuliza. Waranti ni ya miaka mingi lakini inataka sevisi kila mwaka, ukiruka mmoja wanakukatalia.

Pampu ya joto, ile mashine ya umeme inayovuta joto kutoka hewa ya nje, sijaisahau. England na Wales serikali inatoa paundi 7,500 kwa anayetoa boila akaweka pampu ya joto ya hewa, na kwa boila ya gesi haitoi kitu. Nyumba yenu ina nafasi ya silinda tayari, kwa hiyo ombeni kotesheni moja ya hiyo pia kabla hamjaamua, mtashangaa pengine tofauti ni ndogo. Ikiwa hela au muda hauruhusu kabla ya Novemba, wekeni gesi, lakini redieta kubwa na maji ya 50 ndo maandalizi yaleyale, boila hii ikichoka pampu itaingia bila kubomoa nyumba.

Kwa hiyo wiki hii: kengele ya kaboni monoksaidi, tundu la hewa, fundi aicheki boila iliyopo, na ndoo. Halafu tafuteni mafundi watatu watakaopanda darini na kupima chumba kwa chumba. Nitumie lita ulizopata kwenye ndoo asubuhi na jioni, urefu na unene wa kila redieta, na njia bomba la gesi linakopita toka kwenye mita. Chumba cha mama nitajie kina kuta ngapi za nje na dirisha linatazama wapi, nikupigie hesabu ya redieta yake kwanza.